Baba wa watoto wangu ana ukoo

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu neno moja ambalo nimelisikia mara nyingi miongoni mwetu, na ambalo miaka mitatu iliyopita lilisemwa mbele ya mtoto wangu. Tulikuwa Tanga kwa harusi ya binti wa kaka yangu. Usiku, wageni walipopungua, mzee mmoja wa upande wetu aliombwa asome nasaba, naye akaisoma kwa ghibu, fulani bin fulani bin fulani, hadi akafika kwa mtu aliyeshuka jahazini akitokea Barawa. Mwanangu, wakati huo akiwa na miaka 11, aliuliza kama na yeye anaweza kusomewa ya upande wa baba yake. Mzee akamjibu kwa upole kabisa, bila nia mbaya, kwamba baba yake ni Mmarekani mweusi, na watu wale hawana ukoo, walipotezwa. Mtoto akanyamaza. Na mimi, kwa kumstahi mzee, nikanyamaza pia, na kunyamaza kule hakujaacha kunisumbua.

Mume wangu ni mzaliwa wa Maryland, jimbo la Marekani tunakoishi, na baba na babu zake walizaliwa huko huko. Tuliporudi nilimweleza wifi yangu yaliyopita, akaniambia jambo ambalo sikulitarajia: hata wao wenyewe wamezoea kuambiana kwamba nyuma ya mwaka 1870 pana ukuta. Neno hilo la ukuta lina sababu yake. Serikali ya Marekani imehesabu watu kila baada ya miaka 10 tangu 1790, na sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza kuandika jina la kila mtu huru, awe mkubwa au mdogo. Watumwa waliandikwa mwaka huo, na tena 1860, katika daftari la peke yao, ambamo jina lililoandikwa ni la bwana, na chini yake hufuata umri, jinsia na rangi ya kila aliyemmiliki, bila jina. Sensa ya 1870, iliyofuata vita vya wenyewe kwa wenyewe na kufutwa kwa utumwa, ndiyo ya kwanza kuwataja kwa majina wale watu wapatao milioni 4 waliokuwa wameachwa huru. Anayerudi nyuma kwa kufuata jina peke yake hapo ndipo njia inapomkatikia, na wengi huishia kuamini kwamba njia yenyewe haikuwapo.

Tulianza na walio hai. Shangazi wa mume wangu ana miaka 84, na chini ya kitanda chake lipo kopo kubwa la bati la biskuti lililojaa karatasi za mazishi. Makanisa ya watu weusi huchapa wasifu wa marehemu na kuugawa siku ya maziko, na humo hutajwa wazazi, ndugu, watoto na mahali pa kuzaliwa, kwa hiyo kopo lile moja lilitufikisha miaka ya 1930 kabla hatujagusa kompyuta. Shangazi alikumbuka pia alichosimuliwa na baba yake, ambaye alimdiriki babu yake akiwa mtoto mdogo: kwamba mzee alikuwa askari, kwamba mguu wa kushoto ulimsumbua maisha yake yote, na kwamba alipoulizwa jina alitaja majina mawili. Mzee huyo, babu wa babu ya mume wangu, ndiye tuliyemtafuta. Lile la majina mawili tulilipuuza, tukadhani ni masihara ya mtu mzima na wajukuu zake, na kulipuuza huko kulitugharimu miezi minane.

Kwenye intaneti tulikuta mti wa ukoo uliochorwa na mtu tusiyemjua, na ndani yake mtu wa jina lile tulilopewa, wa umri ule ule, katika kaunti ya jirani. Kilichotupa imani ni kwamba jina lake la ukoo lilikuwa pia jina la mwenye shamba mkubwa wa hapo, na sisi tulidhani kila mtumwa aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wake wa mwisho. Sivyo ilivyokuwa. Wapo waliochukua jina la bwana wa zamani zaidi, aliyewamiliki wazazi au babu zao. Wapo waliojichagulia jina jipya. Na wapo waliokuwa na jina tangu zamani, wakiitana kwalo wao kwa wao bila bwana kujua wala kujali. Tuliamshwa na sensa ya 1900, ambayo iliuliza mwezi na mwaka wa kuzaliwa wa kila mtu, na kila mama ikamuuliza amezaa watoto wangapi na walio hai ni wangapi. Humo tuliwakuta wanaume wawili wa jina hilo, kila mmoja kwake, na wa kwetu alikuwa yule wa pili: amezaliwa Machi 1843, mkewe amezaa watoto tisa, sita wako hai, na majina yaliyolingana na makaratasi ya shangazi yalikuwa ya nyumba hiyo. Tulifuta kazi ya miezi minane, tukaanza upya.

Sensa ya 1890 haisaidii mtu, kwa sababu karibu yote iliharibika katika moto uliozuka Washington mwezi wa Januari 1921. Tukaruka hadi 1880, kisha 1870, katika kaunti ya Prince George's, nchi ya mashamba ya tumbaku. Mzee yupo, ana miaka 27, ana mke na watoto wawili. Na katika nyumba hiyo hiyo ameandikwa mwanamke wa miaka 60 mwenye jina jingine la ukoo. Karani wa sensa ya 1870 hakutakiwa kuandika nani ni nani kwa mwenye nyumba. Swali hilo liliongezwa 1880, na mwaka huo bibi yule hayumo tena. Ni mama yake? Ni mama mkwe? Ni mpangaji tu? Wifi yangu alibandika nakala ya ukurasa ule kwenye mlango wa jokofu, na kwa majuma mengi kila aliyekuja kwake alihojiwa juu ya bibi yule.

Jibu lilitoka jeshini, kama shangazi alivyosema. Maryland ilikuwa na watumwa lakini haikujitenga na serikali ya Rais Lincoln kama majimbo ya kusini, na kwa hiyo tangazo lake la tarehe 1 Januari 1863, la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyojitenga, halikuwagusa watumwa wa huko. Wao waliachwa huru na katiba mpya ya jimbo tarehe 1 Novemba 1864. Kabla ya siku hiyo, tangu mwisho wa 1863, jeshi lilikwisha kuanza kuwaandikisha vijana kutoka mashambani kwa ahadi ya uhuru, na bwana aliyethibitisha utiifu wake kwa serikali aliweza kudai fidia isiyozidi dola 300 kwa kila mmoja. Kambi yao iliitwa Camp Stanton, ukingoni mwa mto Patuxent, mahali paitwapo Benedict, na maradhi yaliua wengi humo kabla hawajaona vita. Mzee wetu aliandikishwa katika kikosi cha 19 cha askari weusi, ambacho mwezi wa Julai 1864 kilipigana Petersburg, Virginia, na baada ya vita kikapelekwa Texas, mpakani na Meksiko, hadi kilipovunjwa Januari 1867. Watu weusi wapatao 179,000 walitumika katika jeshi hilo la nchi kavu. Waliobaki hai, na wajane wa waliokufa, waliomba pensheni, na kila ombi likazaa jalada.

Nafikiri wasomaji wengi hawajui jalada la pensheni ni hazina ya namna gani. Ofisi ilitaka ushahidi wa kila kitu, na mtu aliyezaliwa mtumwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala cha ndoa, kwa hiyo ilimlazimu alete watu waape kwa niaba yake: aliyekua naye, mkunga aliyemzalisha mkewe, askari aliyelala naye hema moja. La mzee wetu lina kurasa 94. Liliwekwa mbele yetu katika chumba cha kusomea cha Nyaraka za Taifa, Washington, ambamo kalamu ya wino hairuhusiwi na kila mtu huandika kwa penseli. Kufika ukurasa wa 31 wifi yangu aliacha kuandika, akaniwekea mkono begani.

Mkaguzi wa pensheni alikuwa amemhoji mzee kwa nini jina alilotumikia jeshini si jina analoishi nalo. Mzee alieleza kwamba siku ya kuandikishwa karani hakumuuliza jina la ukoo, alimwandika kwa jina la bwana wake tu. Na alipotoka jeshini alichukua jina la baba yake, aliyekuwa mali ya bwana mwingine, ng'ambo ya kijito. Akamtaja baba yake. Akamtaja mama yake, na jina lake ni la yule mwanamke wa miaka 60. Akataja bwana wa kila mmoja wao. Kisha, bila kuulizwa, akasema alikuwa na dada mmoja aliyemtangulia kwa miaka miwili, na kwamba dada huyo aliuzwa kwenda Louisiana yeye akiwa mvulana, na hajapata habari zake tena. Yote hayo yamo katika aya moja, kwa mwandiko wa karani ulioinama kulia.

Karatasi ya mwisho ni ya mjane, mwaka 1911. Hakujua kuandika. Karani ameandika jina lake la kwanza, akaacha nafasi, akaandika la ukoo, na katikati ya hayo mawili ameweka alama yake mwenyewe: mistari miwili iliyokatana, mmoja mrefu na mmoja mfupi, na pale inapokutana kalamu imesimama hata wino ukafanya tone. Niliipiga picha na kumwonyesha mwanangu. Aliikuza kwenye simu, akaiangalia muda mrefu, akauliza kama bibi huyo alikuwa akitetemeka.

Tulipokwisha kumjua bwana, tuliacha kutafuta jina la mzee na tukaanza kumtafuta aliyemmiliki, na hapo ule ukuta wa 1870 ukafunguka. Namsihi kila anayefanya kazi hii asichelewe kama sisi tulivyochelewa. Mtumwa aliandikwa kama mali, basi habari zake zimo pale mwenye mali alipoandikisha mali yake: katika wasia, katika mirathi, katika rehani, katika kesi za madeni. Maryland ina jambo la ziada. Baada ya watumwa kuachwa huru, mabwana walitumaini kwamba serikali kuu itawalipa, na kuanzia 1867 kaunti ziliandika orodha za waliokuwa wakimilikiwa siku ile ya Novemba 1864, kwa majina, jinsia, umri na afya zao, na kama mtu aliingia jeshini. Fidia haikulipwa kamwe. Orodha za kaunti kadhaa zimesalia, na ya Prince George's tuliikuta Annapolis, katika nyaraka za jimbo. Chini ya jina la bwana yule wamo mama, miaka 54, na mwanawe, miaka 21, na mbele ya jina la mwanawe imeandikwa kwamba ni askari.

Tukarudi kwenye daftari la watumwa la 1850, lile lisilo na majina. Chini ya bwana huyo huyo: mwanamke, 40, msichana, 9, mvulana, 7. Katika daftari la 1860: mwanamke, 50, mvulana, 17. Msichana wa miaka 19 hayupo. Tarakimu hizo zikisimama peke yake hazithibitishi kitu, na mtu mwangalifu hajengi nasaba juu ya umri tu. Lakini zikiwekwa kando ya kiapo cha mzee na orodha ya 1867, sioni namna nyingine ya kuzisoma.

Inakadiriwa kwamba kati ya 1790 na 1860 watu wapatao milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka majimbo ya tumbaku, kama Maryland na Virginia, hadi majimbo ya pamba na miwa ya kusini, wengi wao kwa kuuzwa. Dada wa mzee ni mmoja wao. Na hapa ndipo ningependa mzee wangu wa Tanga anisikilize kwa makini, kwa sababu katika kumtafuta dada huyu nilisoma mamia ya matangazo yaliyonifundisha watu hawa ni watu gani.

Baada ya vita, magazeti ya makanisa yalichapisha matangazo ya waliokuwa wakitafuta ndugu zao. Gazeti moja la New Orleans, Southwestern Christian Advocate, lilikuwa na safu maalumu iliyoitwa Lost Friends, yaani marafiki waliopotea, ambayo asiye mteja wake alilipa senti 50 kuchapishiwa tangazo, na wachungaji waliombwa wayasome matangazo hayo mimbarini. Mwenye tangazo hutaja jina la mama, jina la baba, ndugu mmoja mmoja kwa majina yao, bwana wa kwanza, bwana wa pili aliyewanunua, mji walikotenganishwa, na mwaka kama anaukumbuka. Wengine walikuwa wakimtafuta mama ambaye hawajamwona kwa miaka 30 au 40. Nilipoyasoma kwa sauti nilisikia fulani bin fulani, kama niliyosikia usiku ule wa harusi, isipokuwa hii ilisomwa na mtu anayelipia tangazo kwa pesa ya kibarua, naye hajui kama upo upande wa pili wa kuisikia. Watu waliofanya hivyo kwa miongo kadhaa hawawezi kuitwa watu wasio na ukoo.

Dada hatujampata. Tunasoma sasa orodha za abiria za meli zilizopeleka watumwa New Orleans kutoka bandari za kaskazini, kwa sababu sheria iliyopiga marufuku kuingiza watumwa kutoka nje tangu 1808 iliwataka pia manahodha wanaowasafirisha pwani ya ndani waandike jina, umri na kimo cha kila mmoja. Sijakata tamaa. Mwaka 1838 mapadri Wajesuiti wa Maryland, ambao moja ya mashamba yao lilikuwa huko huko Prince George's, waliuza watu 272 waende Louisiana kwa dola 115,000, na fedha hizo zikasaidia kulipa madeni ya chuo cha Georgetown. Majina ya waliouzwa yalihifadhiwa, na wazao wao wengi wamejulikana, wengine wakiwa bado wanaishi Maringouin, si mbali na mashamba walikopelekwa babu zao.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulipita. Bibi zetu wa pwani walijifunga merikani, na jina hilo lilitokana na kitambaa chenyewe kuletwa Unguja na meli za Marekani, nyingi zikitoka Salem, Massachusetts, biashara ambayo tayari ilikuwa kubwa kiasi cha Marekani kuwa na balozi mdogo Unguja mwaka 1837. Viwanda vya kaskazini ndivyo vilivyokifuma, na pamba yake ilichumwa kusini, kwa mikono ya watumwa, hadi vita vya 1861 vilipoikatiza biashara hiyo. Siwezi kusema dada wa mzee aliichuma pamba iliyomvisha bibi wa bibi yangu. Ila tangu niliposoma kiapo kile nimeshindwa kulitamka neno merikani bila kumfikiria.

Na sisi wa pwani tusijione tumekamilika. Hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wapo kati yetu ambao mama wa babu zao walikuwa masuria au wajakazi, na katika nasaba zinazosomwa harusini wanawake hao hawatajwi. Katika nasaba ninayoijua mimi, ya baba yangu, hatajwi mwanamke hata mmoja. Ya mume wangu, ambayo tunaambiwa haipo, inaanzia kwa mwanamke.

Ombi langu kwenu, Mhariri, ni kwamba makala zenu zinapowataja Wamarekani weusi msirudie tena maneno ya watu waliopoteza asili. Na kwa familia za Waswahili zilizooleana nao, ninyi mlio na mkwe, shemeji au wajukuu huku, nawaomba mumtafute mtu mzima wa upande ule angali hai na mumwombe awaonyeshe makaratasi yake ya mazishi. Kumbukumbu nyingi nilizozitaja, pamoja na za ile ofisi ya serikali iliyowahudumia walioachwa huru kuanzia 1865, zinasomeka bure kwenye tovuti ya FamilySearch, na makarani wa nyaraka niliokutana nao walitusaidia kwa moyo.

Mwanangu sasa ana miaka 14. Ameandika nasaba ya baba yake kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kuanzia kwa bibi yule aliyezaliwa karibu na mwaka 1810: mwanawe askari, mjukuu, kitukuu, kilembwe, hadi kwa baba yake na yeye mwenyewe. Kando ya askari ameandika jina la dada, na chini yake ameacha nusu ukurasa mtupu. Desemba tutakuwa Tanga. Nimekwisha kumpigia simu mzee kumwomba radhi kwa kuwa nitampinga hadharani, nikamwomba pia kwamba atakapomaliza kusoma ya kwetu ampe mtoto nafasi asome ya kwao. Amekubali, na akaniuliza jina la yule bibi linatamkwaje, ili asije akalikosea.

Wenu msomaji,
Mzaliwa wa Tanga,
Silver Spring, Maryland, Marekani